Efeso: mji uliohamahama na ufuo wake

Mwaka 1863 Mwingereza John Turtle Wood, msanifu majengo aliyekuja Uturuki kuchora vituo vya reli ya Smyrna (İzmir ya leo) hadi Aydın, alianza kulitafuta hekalu la Artemi wa Efeso, mungu wa kike wa Wagiriki. Lilikuwa mojawapo ya maajabu saba ya dunia ya kale. Urefu wake ulizidi mita 100, na Plinius, mwandishi wa Kirumi, alilihesabia nguzo 127. Jengo la namna hiyo hutarajii lipotee. Wood alichimba mashimo huku na huku bondeni, msimu baada ya msimu, asilione. Mwaka 1866, katika magofu ya uwanja wa maonyesho, akapata maandishi marefu ya Kigiriki yaliyochongwa ukutani, yakieleza njia ambayo sanamu za dhahabu na fedha zilipitishwa siku za sherehe: kutoka hekaluni, kupitia Lango la Magnesia, hadi uwanjani. Akalitafuta lango, akaifuata barabara iliyotoka hapo, na tarehe 31 Desemba 1869 vibarua wake wakagonga sakafu ya marumaru. Ilikuwa karibu mita 6 chini ya ardhi.

Kilichoifunika ni tope. Mawe mengi ya juu yalikuwa yamekwisha kubebwa na wajenzi wa karne za baadaye, na yaliyobaki yakazikwa kidogo kidogo na mto Küçük Menderes, ambao Wagiriki waliuita Kaystros, pamoja na vijito vinavyoshuka kutoka milima ya karibu.

Kisa cha Efeso husimuliwa kwa mkato: mto ulileta tope, bandari ikajaa, mji ukafa. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaruka maelfu ya miaka ya watu walioishi pale wakiliangalia tope hilo na kuamua wakae wapi. Ukiyaweka makazi yao yote kwenye ramani moja, pamoja na mahali ufuo ulipokuwa katika kila zama, utaona watu wakisogea na maji. Na utaona jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: mji ulifikia kilele cha utajiri wake wakati bandari ilikuwa imekwisha kuugua kwa karne mbili au zaidi.

Bahari ilipoingia bondeni

Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko leo. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, ikaingia katika bonde la Kaystros, ambalo ni ardhi iliyodidimia kati ya nyufa ndefu, milima imesimama kila upande. Ikatokea ghuba nyembamba iliyopenya bara hadi upande wa Belevi, zaidi ya kilomita 15 kutoka ufuo wa sasa. Kisha, miaka 6,000 hivi iliyopita, kupanda kwa bahari kukapoa, na mto ukaanza kurudisha ardhi. Kila msimu wa mvua, ambao huko ni wakati wa baridi, ulishusha udongo, ukaumwaga mwisho wa ghuba, na mlango wa mto ukasogea magharibi.

Tunayajua haya kwa sababu ya uchorongaji. Watafiti kama Helmut Brückner wa Ujerumani, John Kraft wa Marekani na İlhan Kayan wa Uturuki walitoboa bonde hili mahali pengi na kutoa nguzo nyembamba za udongo. Nguzo kama hiyo ikilazwa mezani husomwa kutoka chini kwenda juu. Chini kuna tope la kijivu lenye makombe ya viumbe vya bahari. Ukipanda, viumbe hao wanapungua na wanakuja wale wanaovumilia maji ya chumvichumvi ya mlangoni mwa mto. Wengi wao ni wadogo hivi kwamba huonekana kwa hadubini tu. Juu yao hufuata tabaka jeusi la masalia ya matete, dalili ya kinamasi. Juu kabisa ni udongo wa kahawia wa mafuriko, ule ambao leo wakulima wanapanda miti ya matunda. Mabaki ya mimea na makombe hupimwa kwa kaboni ya mionzi, kila badiliko likapata umri wake. Ukirudia kazi hiyo shimo baada ya shimo, unaweza kuuchora ufuo wa kila zama.

Watu wa kwanza tunaowajua vizuri walikaa Çukuriçi Höyük, kichuguu kilichoko kusini mashariki ya magofu ya mji wa Kirumi, wakianza katika milenia ya saba KK. Walikuwa wakulima na wafugaji, lakini takataka zao zimejaa makombe na mifupa ya samaki. Visu vyao vilichongwa kwa obsidiani, jiwe jeusi la kioo cha volkano, na kemia yake inaonyesha kwamba sehemu kubwa ilitoka kisiwa cha Melos, ng'ambo ya Bahari ya Aegea. Kwa hiyo hawa walikuwa na vyombo na mabaharia. Mto ulipolisogeza tope, makazi ya eneo hili nayo yakabadilika. Katika zama za shaba tunakuta mahali pa maana pamekuwa kilima cha Ayasuluk, ambacho wakati ule kilikuwa na maji ya ghuba miguuni pake. Maandishi ya Wahiti, dola ya kale ya Anatolia, yanasema kwamba mwishoni mwa karne ya 14 KK mfalme Mursili II aliingia Apasa, mji mkuu wa ufalme wa Arzawa, na mfalme wake Uhhaziti akakimbilia visiwani. Wataalamu wengi wanakubali kwamba Apasa hiyo ndiyo Ayasuluk. Mfalme mwenye ngome juu ya kilima na mashua chini yake anaweza kukimbia namna hiyo.

Hekalu kwenye tope

Miguuni pa Ayasuluk, upande wa magharibi, ndipo Artemi alipojengewa. Mtu atauliza kwa nini hekalu kubwa kuliko yote liwekwe kwenye ardhi tepetepe. Plinius alitoa jibu lake, kwamba ardhi laini ingepunguza mshtuko wa tetemeko. Mimi naona jibu la karibu zaidi: ibada ilikuwapo pale muda mrefu kabla ya marumaru, ufukweni, penye vijito vya maji baridi, na hekalu haliondolewi mahali patakatifu kwa sababu ya matatizo ya msingi. Jengo la awali la karne ya 8 au ya 7 KK liliingiliwa na mafuriko yaliyoacha zaidi ya nusu mita ya mchanga. Watu hawakuhama. Waliinua sakafu, wakajenga tena.

Kufikia mwaka 560 KK hivi, Kroisos mfalme wa Lydia akichangia, ndipo lilipoanza lile hekalu kubwa la marumaru. Chersiphron, fundi mkuu, alijua vizuri anashughulika na ardhi gani. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anaeleza kwamba Chersiphron hakuthubutu kupakia vigogo vya nguzo za mawe kwenye magari, kwa kuwa barabara za bondeni zilikuwa laini na magurudumu yangezama. Akatia vyuma kwenye ncha za kila kigogo, akakizungushia fremu ya mbao, akakifungia ng'ombe, na kigogo chenyewe kikabingirika kutoka machimboni, umbali usiozidi maili nane. Mwanawe Metagenes akaifuata mbinu hiyo kwa mawe ya juu ya nguzo, akiyatilia magurudumu makubwa ya futi kumi na mbili. Chini ya msingi waliweka tabaka la mkaa. Waandishi wa kale walilitaja, na Wood alilikuta.

Waliojenga hivyo walielewa mto wao. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, karne moja baadaye, alipoeleza kuwa Misri ya chini imejengwa na tope la Nile, alitaja sehemu nyingine alizodhani zimefanyika vivyo hivyo, na Efeso imo. Plinius naye aliandika kuwa zamani bahari ililiosha hekalu la Artemi, na kwamba Syrie, kilichokuwa kisiwa, sasa kimo katikati ya ardhi kavu kwa kazi ya Kaystros. Kwa hiyo tusiseme kuwa wazee wa kale walishtukizwa. Mabadiliko haya yalikuwa yakizungumzwa wazi.

Mfalme aliyeziba mifereji

Kufikia mwanzo wa karne ya 3 KK, Waefeso walikaa kwenye uwanda wa chini karibu na hekalu, na ufuo ulikuwa umekwisha kuwaacha. Lysimachos, mmoja wa majemadari waliogawana milki ya Aleksanda, alitaka mji usogee hadi kwenye bonde kati ya milima miwili, Panayır Dağ na Bülbül Dağ, kusini magharibi, ambako bado kulikuwa na maji ya kina. Akaujenga ukuta wa kilomita 9 hivi na kuuita mji huo Arsinoe, jina la mkewe. Watu wakakataa kuhama. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasimulia kilichofuata: Lysimachos alingoja mvua kubwa, akaziba mifereji ya kutolea maji, mji wa zamani ukafurika, na wakazi wakahama kwa furaha. Pausanias, msafiri na mwandishi wa Kigiriki, anaongeza kuwa alileta pia watu wa Lebedos na Kolophon.

Sehemu hii ya kisa inanigusa kuliko nyingine. Mbinu hiyo haiwezekani ila mahali ambapo maji hayana pa kwenda, yaani uwanda uliojaa tope usio na mteremko tena. Ardhi ilikuwa imekwisha kuamua nusu ya jambo. Mfalme alimalizia nusu iliyobaki kwa mabavu. Na kukataa kwa watu kulikuwa na sababu zake: makaburi ya wazazi, nyumba, na hekalu lililolisha mji kwa mahujaji na kwa amana za fedha zilizowekwa humo. Tunaposema makazi yalifuata ufuo, tukumbuke kwamba katikati ya ufuo na makazi kulikuwa na watu waliobishana, na kwamba mwenye jeshi ndiye aliyesema neno la mwisho. Jina la Arsinoe, kwa vyovyote vile, halikudumu. Watu waliendelea kusema Efeso.

Gati la Attalos

Bandari mpya nayo ilianza kupungua kina. Attalos II, mfalme wa Pergamo, aliyetawala kati ya 159 na 138 KK, alishauriwa na wahandisi wake kwamba mlango wa bandari ni mpana mno. Wakiujengea gati la mawe na kuubana, walidhani, maji yatakwenda kasi na kina kitatosha kwa meli kubwa za biashara. Ikawa kinyume. Strabo anasema tope lililokuwa likipelekwa nje na bahari sasa lilibaki ndani, na bandari nzima ikawa na maji machache hadi mlangoni.

Strabo anasema kazi hiyo ya kusafisha bandari ilifanywa na kupwa na kujaa kwa maji. Msomaji wa pwani yetu ashikilie jambo moja hapa. Mombasa na Zanzibar maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, yakafagia hori na kumpwelewesha nahodha asiyekuwa mwangalifu. Katika Aegea tofauti hiyo haifiki nusu mita. Nguvu ya kufagia ilikuwa ndogo tangu mwanzo, na naamini kazi kubwa ilifanywa na mawimbi na mikondo ya pwani. Ukiweka gati mbele ya bandari ya namna hiyo unayazuia mawimbi, na kwa kuyazuia unaondoa fagio pekee lililokuwapo. Hii ndiyo sababu pia mito ya huko hujenga delta kwa kasi: bahari haina nguvu ya kuusambaza udongo unaoletwa.

Lakini siafikiani na wanaomtwika Attalos mzigo wote. Mdomo wa delta ulikuwa unakuja kutoka mashariki na ungefika kwa gati au bila gati. Na tazama kilichotokea baada yake. Efeso ikawa makao ya gavana wa jimbo la Asia na mmojawapo wa miji mikubwa ya dola ya Roma. Uwanja wa maonyesho, ule ambao Matendo ya Mitume inaeleza umati ulivyomsifu Artemi kwa muda wa saa mbili, ukapanuliwa hadi kuketisha zaidi ya watu 20,000. Maktaba ya Celsus ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2 BK. Yote haya yalijengwa nyuma ya bandari ambayo Strabo alikuwa amekwisha kuiandika kuwa ina tope.

Mji uliweza hivyo kwa sababu ulikubali kulipa, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 61 BK hivi gavana Barea Soranus alifungua bandari. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anataja juhudi hiyo alipokuwa akieleza jinsi kaisari Nero alivyomgeukia gavana huyo. Mwaka 129 Waefeso walichonga shukrani kwa kaisari Hadrianus kwa sababu aliwezesha bandari kupitika na kuugeuza mto Kaystros uliokuwa ukiziharibu. Na katikati ya karne ya 2 gavana Antonius Albus alitoa tangazo ambalo ni raha kulisoma kwa jinsi linavyoonyesha shughuli za kila siku. Aliwakataza wafanyabiashara wa mbao kurundika mizigo yao gatini, kwa kuwa uzito unavunja nguzo, na akawakataza wakata marumaru kupasulia mawe pale, kwa kuwa unga wa jiwe la kukatia unaanguka majini, unajaza kina na kuzuia mkondo. Picha inakuja yenyewe: misumeno, vumbi jeupe, mafundi wanaoshusha na kupasua papo hapo ili kuokoa gharama ya kubeba, na ofisa anayepiga marufuku.

Tangazo hilo linaonyesha pia mipaka ya walichoweza kukiona au kukigusa. Vumbi la marumaru lilikuwa jambo dogo sana mbele ya mto. Chavua zilizohifadhiwa kwenye mashapo zinaonyesha misitu ya milimani ikipungua na mashamba yakiongezeka, na tope la bandari lina madini ya risasi mengi zaidi katika zama za Roma, ushahidi wa viwanda na mabomba ya mji. Kuni za mabafu, mbao za majengo, ngano ya kulisha maelfu ya watu, mbuzi kwenye miteremko: vyote vililegeza udongo uliokuja kukaa mlangoni mwa bandari. Mji uliozidi kukua ulizidi kujiletea tope. Albus aliweza kumpiga faini mkata mawe wa gatini. Mkulima aliyekuwa siku kadhaa za safari juu bondeni hakuwa chini ya tangazo la bandari. Kenya inajua jambo hili: Mto Athi unaopita kusini ya Nairobi ndio huo huo unaofika baharini kwa jina la Sabaki, na baada ya mvua maji ya Malindi huwa mekundu kwa udongo wa mashamba ya bara.

Mfereji, kisha kilima

Katika karne za mwisho za ukale, bandari ilikuwa imebaki beseni la ndani linalounganishwa na bahari kwa mfereji, na mfereji huo ukazidi kurefushwa kadiri ufuo ulivyokimbia magharibi. Bado ulipitika. Mwaka 431 maaskofu waliohudhuria Mtaguso wa Efeso walikutana katika kanisa la Maria, karibu na bandari, na Kirilo, askofu wa Aleksandria, alifika kwa meli. Mwanzoni mwa karne hiyo kaisari Arcadius alikuwa amekarabati barabara ya nguzo iliyotoka bandarini hadi uwanja wa maonyesho, zaidi ya mita 500, ikiwashwa taa usiku. Mji unaotaka kuachwa hautengenezi barabara kama hiyo.

Hata hivyo uzito ulikuwa unahama. Matetemeko, uvamizi wa Wagothi mwaka 262, na baadaye mashambulizi ya karne ya 7 vilipunguza watu na fedha, na kazi ya kuchimba mfereji inahitaji vyote viwili. Hapo ndipo ninapoona mto ukishinda: tope lilikuwa ni lile lile, waliopungua ni wa kulizoa. Katika karne ya 6 Justinianus alijenga kanisa kubwa la Yohana Mtakatifu juu ya Ayasuluk, na polepole watu wakarudi kwenye kilima kile kile cha wafalme wa Arzawa. Mawe ya miji ya chini yakapandishwa juu. Mahali palipokuwa ghuba wakati wa Apasa, sasa palikuwa na mashamba na kinamasi.

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika hapo. Ni yule yule aliyekuwa amepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Haikupita miaka mingi akawa mgeni wa Khidr Bey, mtawala wa Kituruki wa Ayasuluk. Alisifu msikiti wa Ijumaa, uliokuwa kanisa, akauita miongoni mwa mizuri kabisa duniani. Aliandika pia kwamba hapo alimnunua mjakazi wa Kigiriki kwa dinari 40. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atatambua mara moja soko la aina gani lilikuwapo. Biashara na Waitalia iliendelea, lakini meli zao ziliegesha mbali na kilima. Mwaka 1375 ukajengwa msikiti wa İsa Bey kwenye mteremko, juu kidogo ya hekalu la Artemi, ambalo mahali pake palikuwa pamesahaulika.

Mileto, kusini zaidi, iliufuata mto wake hadi mwisho mbaya kuliko huu. Büyük Menderes ulifunga kabisa ghuba ya Latmos ukaacha ziwa Bafa bara, na kisiwa cha Lade, kilichoshuhudia vita kubwa ya majini mwaka 494 KK, leo ni kilima kati ya mashamba ya pamba. Mileto haikuwa na Ayasuluk ya kurudia. Efeso ilikuwa nayo, na mji wa Selçuk bado unaishi miguuni pake.

Kazi ya bandari nayo haikukoma. Ilihamia pwani ya mawe, mahali ambapo hakuna mto mkubwa wa kuileta milima baharini: kwanza Phygela, halafu bandari ambayo Waitalia waliiita Scala Nova, Kuşadası ya sasa, karibu kilomita 20 kutoka Selçuk. Meli za watalii zinatia nanga hapo, abiria wanapanda mabasi, na mabasi yanawapeleka kwenye barabara ya Arcadius, wakaishuke kutoka uwanja wa maonyesho hadi kwenye matete.